Mstari wa kwanza wa skripti: kwa nini "-e" haikutuokoa

Chama chetu cha akiba hapa Ramisi kilipoteza hesabu za mwezi mzima, na kosa lilikuwa langu. Nalieleza kwa sababu wapo wengi, kuanzia Msambweni hadi Diani, wanaotumia Linux kwenye kompyuta kuukuu kama yetu.

Nilikuwa nimeandika skripti fupi, yaani faili lenye amri zinazofuatana. Ilinakili hesabu kwenye flashi, kisha ikazifuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Mstari wa kwanza ulikuwa huu:

#!/bin/bash -e

Mstari huo hutaja programu itakayosoma amri, hapa ni Bash. Hiyo -e ni chaguo: huiambia Bash isimame mara amri moja ikishindwa. Nilijua kwamba flashi isipokuwepo, kunakili kutashindwa, na amri ya kufuta haitafikiwa.

Mweka hazina wetu akaiendesha kwa kuandika bash hifadhi.sh. Flashi haikuwa imechomekwa. Hesabu zikafutwa.

Sababu ni hii. Mstari wa #! husomwa na kiini cha Linux, si Bash, tena pale tu faili linapoitwa lenyewe, kwa mfano ./hifadhi.sh. Ukitanguliza neno bash, programu imeshawaka bila -e, na kwake mstari unaoanza na # ni maelezo tu. Huuruka.

Kuna mtego wa pili. Linux hugawa mstari huo mafungu mawili tu: mahali programu ilipo, kisha yote yaliyobaki kama kitu kimoja. Kwa hiyo #!/bin/bash -e -u hukataliwa, lakini #!/bin/bash -eu hukubaliwa. Vilevile #!/usr/bin/env bash -e hushindwa, kwani env hutafuta programu inayoitwa "bash -e", pamoja na ile nafasi ya katikati. GNU coreutils toleo la 8.30, la mwaka 2018, liliongeza -S ya kuyatenganisha maneno hayo:

#!/usr/bin/env -S bash -e

macOS huyatenganisha yenyewe, ndiyo maana skripti iliyokubali kule inaweza kukwama kwenye Linux.

Njia ya salama ni kuliweka chaguo ndani ya skripti, kwenye mstari wa pili:

#!/bin/bash
set -eu

Hiyo set ni amri kama nyingine, hivyo hutiiwa kwa vyovyote utakavyoiendesha skripti. Herufi u husimamisha kazi ukitaja jina ambalo halijapewa thamani. Na amri inayofuata ikiwa ni ya kufuta, iunganishe na ya kwanza kwa &&, ili isifanyike mpaka kunakili kufaulu:

cp hesabu.csv /media/flashi/ && rm hesabu.csv

Hesabu tuliziandika upya kutoka kadi za wanachama, Jumamosi mbili nzima. Kabla ya kuiamini skripti yako, chomoa flashi makusudi, uijaribu kwa faili lisilo na thamani.