Kompyuta Inayojiwasha Usiku: Historia ya Kitufe na ya Umeme wa Mengo

Kompyuta ya mezani ikiwaka yenyewe saa nane za usiku katika nyumba ya Mengo, jijini Kampala, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kirusi, na dawa ya kwanza huwa ni kufuta kila kitu na kupakia Windows upya. Mara nyingi dawa hiyo ni hasara tupu. Mashine inayojiwasha kwa kawaida haijaharibika wala haijavamiwa, inatii agizo. Agizo hilo liliandikwa kwa ajili ya maofisi ya nchi ambako umeme haukatiki ovyo, kisha likaletwa Kampala, likakutana na nyaya zenye historia yake.

Tuanze na kitufe. Katika kompyuta za aina ya IBM AT ya mwaka 1984, swichi ilikata umeme wenyewe: ukizima, imezima. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa muundo mpya uitwao ATX, na tangu hapo kitufe kikawa mjumbe tu. Maadamu waya uko kwenye soketi, pawa saplai hubaki ikitoa volti 5 kidogo kidogo, na kitufe huiomba madabodi iwashe vilivyobaki. Fundi anayepima pawa saplai kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya anafanya hivyo hivyo: anatoa ombi badala ya kitufe. Lakini kama kuwasha ni ombi, basi waombaji wanaweza kuwa wengi. Kipanya kinaweza kuomba, kibodi inaweza, saa ya ndani inaweza. Hata mtandao unaweza. Katikati ya miaka hiyo ya tisini AMD na Hewlett-Packard walibuni ujumbe wa kuamsha kompyuta kupitia waya wa mtandao: baiti 6 zenye thamani ya 255, kisha anwani ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16. Lengo lilikuwa zuri, yaani mafundi wa ofisi kubwa waziamshe mashine usiku na kuzifanyia marekebisho wakati wafanyakazi wamelala makwao.

Historia ya pili ni ya umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na kwa miaka mingi Bodi ya Umeme ya Uganda ndiyo iliyohusika na kila kitu, kuanzia mtambo hadi mita. Bodi hiyo iligawanywa mwaka 2001, na mwaka 2005 usambazaji ukakabidhiwa kampuni ya Umeme. Wakati huo huo maji ya Ziwa Victoria yakashuka, na mgao wa 2006 ukawafunza wakazi wa Kampala kuishi kwa ratiba ya giza. Mwaka 2011 zikaanza mita za Yaka, za kulipia kabla, ndugu wa Luku ya Tanzania. Sasa fikiria nyumba iliyo kati ya Lubiri na Kisenyi. Uniti zinaisha jioni kompyuta ikiwa kazini, wenyewe wanakwenda kulala. Alfajiri mtu anabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, taa zinarudi, na chumbani feni ya kompyuta inaanza kuvuma bila kuguswa na mtu. Sababu iko kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya madabodi inayotangulia Windows, penye swali la nini kifanyike umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Kituo cha redio kama CBS, kilichoanza kutangaza kutoka Bulange mwaka 1996, kina kila sababu ya kuchagua mashine iwake. Chumba cha kulala hakina.

Atakuja mtu aseme madabodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki zimezimwa. Ni kweli, lakini kompyuta nyingi za mezani zilizofika Kampala hazikutoka kiwandani. Zilitoka kwenye maofisi ya ng'ambo, na mipangilio ya mabwana wao wa zamani ikiwa ndani. Biashara hiyo ilikua hadi serikali, katika bajeti ya 2009, ikatangaza kupiga marufuku kompyuta zilizotumika pamoja na mafriji na televisheni. Mitumba hiyo pia huja na betri ndogo ya CR2032 iliyochoka. Betri ikifa, madabodi husahau saa na mipangilio kila umeme unapokatika, na baadhi hujiwasha zenyewe unaporudi.

Mwingine atasema hoja hii imepitwa na wakati: Bujagali iliongeza megawati 250 mwaka 2012, na Karuma megawati 600 mwaka 2024. Lakini kuzalisha si kusambaza. Pawa saplai ya kawaida huvumilia kukosa umeme kwa takriban milisekunde 16, muda usiotimiza hata mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Transfoma ya mtaa iliyolemewa haihitaji bwawa likauke ili ivuke kikomo hicho.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba zipo mashine mbovu kweli: kitufe kilichonata, au kapasita zilizovimba, balaa la madabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo ndipo wakati wa kuwaka unapotoa ushahidi. Ikiwaka kila umeme unaporudi, mtuhumiwa ni BIOS. Ikiwaka saa ile ile kila usiku, ni saa ya ndani au ratiba ya Windows. Ikiwaka meza inapotikiswa, ni kipanya. Ikiwaka ovyo hata baada ya waya wa kitufe kuchomolewa kwenye madabodi, hapo ndipo uanze kushuku kifaa chenyewe.

Kwa sababu hiyo, wanaoicheka desturi ya kuzima soketi ukutani wanakosea. Swichi ya ukutani inamrudishia mwenye nyumba kile alichonyang'anywa mwaka 1995, ingawa betri ndogo, ikikosa umeme wa soketi, huisha upesi zaidi. Kabla ya kumlipa mtu akufutie Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /lastwake, usome nani aliiamsha mashine kutoka usingizini. Lisipokupa jibu, ingia BIOS.