SOMO LA TISA: Shimo la Afton

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukusanyika na ramani ya dunia imekwisha kutundikwa ukutani. Nawe unayesoma maandishi haya nyumbani kwako, weka kalamu na karatasi karibu, maana mwishoni yako maswali.

Leo tutasoma historia ya shimo moja la taka. Pengine utasema, “Shimo la taka lina historia gani?” Ngoja kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Tazameni ramani upande wa mashariki wa Marekani. Huko liko jimbo liitwalo North Carolina, na kaskazini mwake iko wilaya ya Warren. Ni wilaya ya mashamba. Miaka ile ninayotaka kuieleza, wakazi wake walio wengi walikuwa ni watu weusi, na ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizo maskini kabisa katika jimbo lile. Watu wengi walikunywa maji ya visima vyao wenyewe.

Sasa, kabla ya kuendelea, ni lazima tujue sumu yenyewe. Huitwa PCB. Ni mafuta yaliyotengenezwa na wanadamu viwandani, nayo yalitiwa katika transfoma za umeme kwa sababu hayashiki moto upesi. Lakini ubora huo ndio ubaya wake pia, kwa kuwa kitu kisichoharibika upesi ndani ya mashine hakiharibiki upesi ndani ya udongo. Sumu hii hukaa miaka mingi, huingia katika samaki na wanyama, na hujikusanya katika mafuta ya mwili, hata katika maziwa ya mama. Mwaka 1968 huko Japani watu wengi waliugua baada ya kula mafuta ya mchele yaliyochanganyika na PCB. Siku hizi wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni wameiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilianza kuipiga marufuku sumu hiyo na kuweka sheria kali za kuitupa. Kufuata sheria kulihitaji fedha. Basi katika kiangazi cha mwaka 1978, watu fulani walitafuta njia ya mkato. Walijaza mafuta hayo katika lori, wakaendesha usiku, wakafungua bomba na kuyaacha yachirizike kandokando ya barabara. Walimwaga kiasi cha galani 31,000 katika njia ya maili 240 hivi, kupita wilaya 14. Waliofanya hivyo walikamatwa na kuhukumiwa. Lakini hukumu haikuuondoa udongo wenye sumu uliokuwa njiani.

Serikali ya jimbo ilikuwa na taabu ya kweli, nasi tuseme haki. Udongo ule haukuweza kuachwa barabarani, mahali watoto wanapopita na mvua inaponyesha. Ilibidi uchimbwe na kupelekwa mahali. Wapi? Mwishoni mwa mwaka 1978 jibu lilitangazwa: shamba moja lililo mahali paitwapo Afton, wilayani Warren. Hapo lingechimbwa shimo, litandikwe plastiki na udongo wa mfinyanzi, kisha sumu ifukiwe.

Mwezi wa Januari mwaka 1979 uliitishwa mkutano wa hadhara, nao watu wakaja kwa mamia, weusi na weupe pamoja. Angalieni vizuri maswali yao, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo hili. Hawakupiga kelele tu. Waliuliza: Maji ya chini ya ardhi yako umbali gani kutoka chini ya shimo? Udongo wetu ni wa namna gani? Plastiki ikipasuka, nani atajua, na visima vyetu vitakuwaje? Na tena, kwa nini iwe hapa kwetu?

Maswali haya yalikuwa na uzito. Sheria ya wakati ule ilitaka pawe na futi 50 baina ya sehemu ya chini ya shimo na maji ya ardhini. Afton maji yalikuwa karibu zaidi sana. Lakini idara ya serikali kuu inayolinda mazingira ililegeza sharti hilo na kutoa kibali mwaka 1979. Wahandisi walisema kwamba ujenzi bora ungeziba upungufu wa mahali. Wakazi walijibu kwamba mahali pakiwa pabaya, ujenzi hauwezi kupafanya pema. Wahenga wetu walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na mashaka ya kisima huyajua anywaye maji yake.

Wakaenda mahakamani. Kesi ziliwachelewesha wajenzi karibu miaka mitatu, ila mwisho wakazi walishindwa. Tarehe 15 Septemba, 1982, malori ya kwanza yalianza kuleta udongo. Watu walikusanyika katika kanisa la Coley Springs, wakatembea kwa miguu mpaka njia ya shimo, na wengine wakalala barabarani mbele ya malori. Katika muda wa majuma sita hivi polisi waliwakamata watu zaidi ya 500. Kati yao alikuwamo Walter Fauntroy, mjumbe wa mji wa Washington katika Bunge la Marekani. Hata hivyo malori yalipita. Tani elfu nyingi za udongo zilifukiwa Afton.

Basi, je, walishindwa kabisa? Hapana. Kwanza, Gavana wa jimbo, James Hunt, aliahidi kwamba sumu itakapopatiwa njia ya kuondolewa, shimo lile litasafishwa. Pili, Fauntroy aliomba uchunguzi ufanywe. Mwaka 1983 wakaguzi wa Bunge walitoa taarifa: katika majimbo manane ya kusini mashariki, mashimo makubwa ya taka za sumu yaliyo nje ya viwanda yalikuwa manne, na matatu kati yake yalikuwa mahali penye watu weusi wengi. Mwaka 1987 taarifa nyingine, ya Kanisa la Muungano wa Kristo, ilionyesha hali kama hiyo katika nchi nzima. Na mwaka 1994 Rais Clinton alitoa amri kwamba idara zote za serikali kuu ziangalie kama kazi zao zinawaumiza zaidi maskini na watu wa jamii za wachache. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2025, lakini kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa mikononi mwa raia waliodai haki.

Na shimo lenyewe? Mwaka 1993 ilijulikana kwamba kiasi cha galani milioni moja za maji kilikuwa kimenaswa ndani yake. Jambo waliloliogopa wakazi mwaka 1979 lilikuwa limekaribia mlangoni. Ndipo wakakumbusha ahadi ya Gavana, wakakaa kamati moja na watu wa serikali, nao wakajichagulia mtaalamu wao wa kuwashauri. Mwishowe udongo ulipashwa moto mkali mpaka sumu ikatoka. Kazi ilimalizika mwishoni mwa mwaka 2003, kwa gharama ya dola milioni 18 hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu, jambo hili si la Marekani peke yake. Baadhi ya transfoma kuukuu za Afrika Mashariki nazo zilitiwa mafuta ya PCB. Imepata kutokea humu kwetu watu wakafyonza mafuta ya transfoma na kuyauza, hata mengine yakatumika kukaangia chakula. Kenya, Uganda na Tanzania zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaotaka sumu hii iondolewe salama ifikapo mwaka 2028. Itakapoondolewa ni lazima ipelekwe mahali. Siku baraza litakapoitishwa karibu nawe juu ya mahali hapo, usikae nyumbani, wala usiende kupiga kelele tu. Nenda na maswali ya watu wa Afton.

Maswali ya kikundi:

1. Kwa nini PCB hudumu muda mrefu katika udongo?
2. Serikali ya jimbo ilikuwa na taabu gani ya kweli? Ninyi mngeishauri nini?
3. Maji ya kisima chenu yako futi ngapi chini ya ardhi? Nani kijijini anajua?
4. Wakazi wa Afton walishindwa wapi, na walishinda wapi?

Jadilianeni kwa utulivu, na kila mtu apewe nafasi ya kusema. Kwaherini mpaka somo la kumi.