Jinsi ya kupima nyumba kabla ya kukokotoa nguvu ya upepo

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, wengi walikumbuka kuwa paa haliezekwi kwa ajili ya jua na mvua tu. Upepo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo huanzia kwenye tepu. Vipimo vikikosewa, mhandisi atapata jibu lisilo sahihi hata kama kanuni yake ni nzuri.

Kwa nini vipimo ni muhimu?

Mgandamizo wa upepo hupatikana kwa kuzidisha 0.613 kwa kasi, kisha kwa kasi tena. Upepo wa mita 20 kwa sekunde huleta nyutoni 245 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikifika mita 40, nguvu haiongezeki mara 2, bali mara 4: nyutoni 981, karibu sawa na uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Nguvu hiyo huzidishwa kwa eneo na kwa vigezo vya umbo la jengo. Hapo ndipo vipimo vinapoingia.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mgongo wa tembo yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9.

1. Pima nje, siyo ndani

Kujumlisha vyumba hakutoshi, kwani unene wa kuta na plasta husahaulika. Pima kuta zote 4 kwa nje, kisha pima kona kwa kona. Kwa nyumba hii, kila ulalo unatakiwa kuwa mita 15. Ulalo mmoja ukizidi mwingine, nyumba imekwenda upande.

2. Usisahau upenu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Upenu husukumwa na upepo kutoka chini huku ukivutwa kutoka juu. Ukiwa wa sentimita 60 pande zote, eneo linalofunikwa na paa huongezeka kutoka mita za mraba 108 hadi karibu 135. Hiyo ni robo nzima ya ziada.

3. Andika vimo viwili

Kimo cha kwanza ni kutoka ardhini hadi ukingo wa paa, cha pili ni hadi kileleni. Kiwanja kikiwa na mteremko, anzia upande wa chini. Si lazima kupanda juu: hesabu kozi za tofali, kisha zidisha kwa kimo cha kozi moja pamoja na udongo wa kujengea.

Vimo vyote viwili vinahitajika kwa sababu viwango hutofautiana. Kwa paa lenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, kiwango cha Marekani, ASCE 7, hutumia wastani wa vimo hivyo. Kiwango cha Ulaya hutumia kilele.

4. Mwinamo wa paa

Ukingo ukiwa mita 3 na kilele mita 4.6, paa limepanda mita 1.6. Gawanya kwa nusu ya upana, yaani 4.5, siyo kwa 9. Mwinamo unakuwa takribani nyuzi 20. Anayegawanya kwa 9 atapata nyuzi 10 tu, na paa lake litahesabiwa kama paa la aina nyingine kabisa.

5. Milango na madirisha

Pima kila uwazi na uandike uko upande gani. Upepo ukiingia kwa nguvu kupitia uwazi mkubwa, hulisukuma paa kutoka ndani. Kwa mujibu wa ASCE 7, kigezo cha mgandamizo wa ndani hupanda kutoka 0.18 kwa jengo lililofungwa hadi 0.55 kwa lililo wazi upande mmoja, yaani mara 3.

6. Mazingira

Andika kama nyumba iko ufukweni, juu ya kilima, uwanjani au katikati ya majengo. Nyumba ileile hupata upepo tofauti kila sehemu.

Kingo ndizo hung'oka kwanza

Mvuto wa upepo ni mkali zaidi pembeni na kwenye kona za paa. Kwa nyumba ya mfano huu, ASCE 7 inatoa ukanda wa sentimita 90 kuzunguka kingo. Fundi akijua ukanda huo, anajua pa kuongeza misumari na pa kufunga kenchi kwa nguvu zaidi.

Mwisho, pima kila kitu mara mbili na uchore mchoro hapohapo kwenye eneo, kisha umkabidhi mhandisi. Namba za kukisia ni hatari kuliko kutokuwa na namba, maana humfanya mtu ajione yuko salama.