Duara na Mto Nile: Historia Fupi ya Sarakasi

Neno sarakasi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na Waingereza nao walilipata kwa Warumi, ambao kwao circus lilikuwa na maana ya duara. Waarabu husema sirk. Lakini Waswahili walipolipokea neno hilo walilipunguza maana. Anayetaja sarakasi Mombasa au Dar es Salaam hafikirii tembo wala hema. Humfikiria kijana anayeruka samasoti, au vijana sita waliopandiana mabegani. Kupunguza huko kunafaa kukumbukwa, hasa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kwa sababu bonde la Nile liliipa sarakasi ya dunia wanyama kwa karibu miaka 2,000 kabla watu wake hawajaingia uwanjani kwa hiari yao.

Sarakasi kongwe kuliko zote ni Circus Maximus ya Roma, bonde lililozungushiwa viti, lenye urefu wa zaidi ya mita 600 na nafasi ya watazamaji 150,000 au zaidi. Mchezo mkuu hapo ulikuwa mbio za magari ya kukokotwa na farasi. Yalizunguka mara saba, na wenyeji waligawanyika kwa rangi: wekundu, weupe, kijani na bluu. Ushabiki wa rangi hizo haukutofautiana sana na ule wa klabu za soka za Simba na Yanga, isipokuwa kwamba mara nyingine uliua. Mbio za mwisho zilifanyika mwaka 549, wakati dola yenyewe upande wa magharibi ilikuwa imekwisha kuanguka.

Pamoja na mbio yalikuwako maonyesho ya wanyama, na hapo ndipo Afrika ilipoingia. Mwaka 58 KK Aemilius Scaurus aliwaonyesha Warumi kiboko wa kwanza pamoja na mamba watano. Mwaka 46 KK Julius Caesar alileta twiga, na Warumi, kwa kukosa jina, wakamwita ngamia-chui. Mwaka huohuo, katika maandamano ya ushindi wa Caesar, alitembezwa mbele ya umati mtoto mdogo wa mfalme wa Numidia, jina lake Juba. Jina hilo halihusiani na mji wa Juba, ambao umelirithi lake kutoka kijiji cha Wabari, lakini mtoto na twiga walionyeshwa katika jiji moja na mwaka mmoja, na kwa macho ya Warumi wote wawili walikuwa nyara.

Warumi waliufuata pia mto wenyewe. Karibu mwaka 61 Kaisari Nero alituma askari wapande Nile kuelekea kusini. Seneca, aliyeandika habari zao, anasema walifika kwenye mabwawa makubwa yaliyojaa magugu, ambayo mtumbwi wa mtu mmoja tu ungeweza kupenya. Wengi wanaamini kwamba hayo ni mabwawa ya Sudd, kaskazini ya Juba. Askari wakarudi nyuma, na Ulaya haikupafahamu vizuri mahali hapo hadi karne ya 19.

Baada ya Roma kulikuwa na karne nyingi za wachezaji wa njiani: watembea juu ya kamba, wafuga dubu, wachekeshaji wa sokoni. Walikuwa na ufundi, ila hawakuwa na taasisi. Aliyeijenga taasisi ni Philip Astley, askari mstaafu wa kikosi cha farasi, aliyeanza kuonyesha ufundi wa kupanda farasi kusini mwa London mwaka 1768. Farasi akizunguka kwa kasi ndani ya duara, mwili wa mpandaji husukumwa upande wa nje naye huegemea ndani, na mizani hiyo humwezesha kusimama wima mgongoni mwa mnyama. Duara la mita 13 hivi ndilo lililofaa zaidi, na kipimo hicho kingali kinatumika. Mwaka 1770 Astley aliongeza wanasarakasi, watembea kamba na mchekeshaji wa kujaza nafasi kati ya mchezo na mchezo. Jina la circus halikutoka kwake. Lilitumiwa na mshindani wake, Charles Hughes, mwaka 1782. Kwa hiyo sarakasi ya kisasa imebeba jina la uwanja wa Kirumi wa mbio, ilhali umbo lake linafanana zaidi na ule uwanja mwingine wa Kirumi, Colosseum.

Kutoka London mtindo huo ulienea upesi. Ulifika Philadelphia mwaka 1793, hema za turubai zikafuata huko Marekani miaka ya 1820, na mwaka 1859 Jules Léotard akaruka kwa bembea za angani mjini Paris. Kilichobadilisha sura ya sarakasi kabisa, hata hivyo, ni wanyama wa mwituni, na wengi wao walishuka kwa njia ya Nile na Bahari ya Shamu.

Mwaka 1849 mtoto wa kiboko alikamatwa katika kisiwa cha Nile Nyeupe kiitwacho Obaysch, akapelekwa Cairo kwa mashua, na Mei 1850 akafika London akiwa kiboko wa kwanza kuonekana hai Ulaya tangu enzi za Roma. Aliishi katika bustani ya wanyama hadi mwaka 1878. Baadaye biashara ikawa kubwa. Carl Hagenbeck wa Hamburg aliwaagiza wanyama kutoka mashariki ya Sudan, ambako wawindaji waliwaua tembo na twiga wakubwa ili wachukue watoto wao. Misafara ilivuka jangwa hadi pwani ikiwa na makumi ya mbuzi wa maziwa, kwani watoto wa tembo wasionyonyeshwa hawakufika. Kuanzia mwaka 1876 Hagenbeck aliwaleta hata Wanubi wenyewe, wakaonyeshwa mbele ya Wazungu pamoja na ngamia na mahema yao. Hilo ni doa ambalo historia za sherehe huliruka, na halipaswi kurukwa.

Mateka aliyepata sifa kuliko wote ni Jumbo, tembo aliyekamatwa akiwa mdogo karibu na mpaka wa Sudan na Uhabeshi. Alipitia Paris, akafika London mwaka 1865, na kwa miaka mingi aliwabeba watoto mgongoni. Mwaka 1882 P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, alimnunua kwa pauni 2,000. Watoto wengi wa Uingereza walimwandikia Malkia Victoria wakimsihi azuie mauzo hayo, lakini wapi. Wapo wanaodai kwamba jina lake limetokana na neno jambo au jumbe la Kiswahili. Dai hilo linapendeza, ila ushahidi wake ni haba. Jumbo aligongwa na treni huko St. Thomas, Ontario, tarehe 15 Septemba 1885. Mnamo Januari ya mwaka huohuo majeshi ya Mahdi, kiongozi wa uasi nchini Sudan, yalikuwa yameiteka Khartoum, na vita vyao vilikuwa vimeifunga njia ya wafanyabiashara wa wanyama.

Kuanzia hapo sarakasi ya Ulaya na Marekani iliendelea kukua, kisha ikachoka. Tembo wa kampuni ya Ringling, iliyorithi hema la Barnum, walistaafishwa Mei 2016. Mwaka mmoja baadaye kampuni ikafunga maonyesho, na iliporudi mwaka 2023 haikuwa na mnyama hata mmoja. Cirque du Soleil, iliyoanzishwa Quebec mwaka 1984, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba watu hulipa kiingilio kuona miili ya wanadamu tu.

Afrika Mashariki haikuhitaji kungoja somo hilo, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa mwingine. China, yenye sanaa ya kupindua mwili tangu enzi za Han, iliwapokea vijana wa Tanzania katikati ya miaka ya 1960, na waliporudi kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa mwaka 1969. Sudan ikafuata. Rais Jaafar Nimeiry alizuru China mwaka 1970, na muda mfupi baadaye makumi ya watoto wa Kisudani walipelekwa Wuhan kufunzwa. Ndio waliokuwa chimbuko la kikundi cha taifa kilichokaa Khartoum. Juba wakati huo ilikuwa sehemu ya Sudan na, baada ya mapatano ya amani ya Addis Ababa ya 1972, makao ya serikali ya Kusini. Hivyo sarakasi ya kwanza ya kitaifa iliyoihusu Juba kisheria iliishi mbali nayo, kama mengi mengine ya zama hizo.

Nairobi ilikwenda njia yake. Shirika la Sarakasi Trust lilianzishwa mwaka 2001, na baadaye lililigeuza jengo la sinema ya zamani ya Shan, mtaa wa Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi. Watanzania Fadhili na Ibrahim, maarufu kama Ramadhani Brothers, ambao mmoja husimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, walishinda shindano la televisheni la Marekani Februari 2024 na kuondoka na dola 250,000.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Umati wa Juba, ukitaka kuona nguvu na wepesi wa mwili, huenda kutazama mieleka. Wamundari wa Terekeka na Wadinka wa Bor huingia uwanjani ngozi zikiwa zimepakwa jivu, ngoma zinapigwa, wanawake wanawaimbia watu wao, na duara linajengwa na watazamaji wenyewe. Mchezo huu hauitwi sarakasi, lakini una kila kitu ambacho Astley alikitafuta, isipokuwa farasi. Aprili 2016 Juba iliandaa mashindano ya mieleka kwa ajili ya amani. Julai ya mwaka huo risasi zililia mjini kwa siku kadhaa, na watu wa eneo la Equatoria wakavuka mpaka kwa wingi kuingia Uganda.

Kambi ya Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 kwa ajili yao. Huko Bidi Bidi, katika miaka hii ya 2020, kimejengwa kituo cha sanaa cha matofali ya udongo ulioshindiliwa, chenye viti vilivyozunguka jukwaa na paa la chuma linalokinga maji ya mvua kwa matumizi ya wakimbizi na wenyeji.