Simiti Haina Haraka

Kibarua akianguka mjengoni, maneno huwa ni yale yale: alikuwa amelewa, alikataa helmeti, hakuwa makini. Mimi hii lawama naiona nzee kuliko majengo yenyewe.

Anza na reli. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Shuleni sisi tulisimuliwa simba wa Tsavo, basi. Waliomalizwa na malaria, kuhara na ajali za kazi walikuwa wengi zaidi, ila hao hakuna aliyewatengenezea filamu.

Sasa ruka hadi Nyamakima, Januari 23, 2006. Jengo la ghorofa tano lilianguka likiwa bado linajengwa, vibarua wakiwa ndani. Watu wasiopungua 14 walikufa na wengine wengi wakaumia. Waokoaji walikuja hadi kutoka Israel. Wakati ule ilisemwa sana kwamba jengo lilipandishwa mbio mbio, na yeyote aliyewahi kupiga slabu anaelewa maana yake. Zege likikauka juu halijakomaa ndani. Linataka kumwagiwa maji siku baada ya siku, na kwa kawaida hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28. Lakini mwenye ploti ana mkopo wa benki, na wapangaji washalipa deposti. Kwa hivyo miti inang'olewa mapema ikashikilie ghorofa inayofuata, na anayetumwa kuing'oa ni mtu wa mkono, aliye chini kabisa kwa mshahara na chini kabisa ya slabu.

Si eti sheria hatukuwa nayo. Kanuni za usalama wa ujenzi zilikuwepo tangu 1984, miaka 22 kabla ya Nyamakima, zikieleza hadi viunzi na ngazi ziwe vipi. Mwaka 2007 zikaja sheria mbili mpya, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia. Hii ya fidia ilivutaniwa mahakamani hadi Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba aliyeumia aanzie kwa mkurugenzi wa usalama kazini, si kortini. Kwenye karatasi ni sheria nzuri: ukilemaa kabisa, unadai mshahara wa miezi 96. Mwajiri naye ana siku saba za kuripoti ajali.

Lakini utadai vipi kama hakuna pahali umeandikwa? Likizo moja baada ya sekondari nilibeba karai kwa mjengo fulani. Foremani alikuwa na daftari la kurasa chache: Otis, Kamau wa kofia, Mrefu, Brayo. Jioni ukilipwa, jina linakatwa kwa kalamu. Kesho ukija unaandikwa upya, usipokuja anaandikwa mwingine. Sheria ya ajira inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, lakini kwa daftari lile hakuna aliyewahi kufikisha siku mbili. Wiki ya tatu Mrefu alikanyaga msumari ukatokea juu ya kiatu, akapewa mia mbili za dawa. Asubuhi iliyofuata alikuja akichechemea, akapanda ngazi na karai begani.