Mstari mwekundu uliowanyima Wamarekani weusi urithi

TAREHE 6 Novemba, 2008, Wakenya hawakwenda kazini. Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza siku ya mapumziko ili taifa lisherehekee ushindi wa Barack Obama, ambaye babake alizaliwa humu nchini. Wengi walisema siku ile kuwa deni la rangi nchini Marekani limelipwa.

Miaka 12 baadaye, Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa na afisa wa polisi mjini Minneapolis, na barabara za miji mingi zikafurika waandamanaji. Kila yanapotokea mauaji ya aina hii, mjadala huwa kuhusu polisi. Kwa maoni yangu, anayetaka kuujua mzizi wa dhuluma hii sharti aanzie kwenye ardhi, nyumba na mikopo ya benki.

AHADI YA EKARI 40

Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikielekea ukingoni, Jenerali William Sherman aliamuru ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida igawiwe waliokuwa watumwa, kila familia isizidishiwe ekari 40. Maelfu yao walianza kulima. Rais Abraham Lincoln alipouawa Aprili mwaka huo, mrithi wake, Andrew Johnson, aliirejesha ardhi hiyo kwa wamiliki wa awali, wale wale walioiasi serikali. Hivyo basi, watu wapatao milioni nne walitoka utumwani mikono mitupu.

RAMANI ZA RANGI NNE

Dhuluma ya pili ilitendwa ofisini, kwa kalamu. Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1930, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwaokoa wenye nyumba waliolemewa na madeni. Shirika hilo, lililoanza mwaka 1933, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 kuonyesha ni mitaa ipi iliyo salama kwa mikopo. Mitaa bora ilipakwa rangi ya kijani, iliyofuatia buluu, kisha manjano. Ile iliyohesabiwa kuwa ya hatari ilipakwa rangi nyekundu, na mitaa ya watu weusi ilitiwa katika kundi hilo karibu kila mahali.

Mwaka 1934 iliundwa idara nyingine ya kuwadhamini wanunuzi wa nyumba. Mkopaji akishindwa kulipa, serikali iliifidia benki. Kwa dhamana hiyo, mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua nyumba na kuilipia polepole kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwongozo wa idara hiyo uliwafunza wakadiriaji kuwa mchanganyiko wa rangi hushusha thamani ya mtaa. Mweusi akanyimwa dhamana, hata awe na kazi na mshahara wa kutosha.

Mfano ni Levittown, mtaa ulioanza kujengwa karibu na jiji la New York mwaka 1947, wenye nyumba zaidi ya 17,000. Bei ilikuwa takriban dola 8,000. Mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba hizo kukaliwa na mtu asiye Mzungu.

Hata waliovaa sare ya jeshi hawakuponea. Sheria ya mwaka 1944 iliwaahidi askari waliopigana Vita vya Pili vya Dunia mikopo yenye dhamana ya serikali. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mwaka 1947, ilitolewa mikopo zaidi ya 3,200. Askari weusi walipata miwili.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa thamani ya hatimiliki. Ndiyo inayowekwa rehani mtoto anapokwenda chuo kikuu, na ndiyo mzazi anayoacha akiaga dunia. Isitoshe, shule za umma nchini Marekani hutegemea kwa kiasi kikubwa ushuru unaotozwa nyumba na ardhi za eneo lilo hilo. Nyumba zikiwa za bei ya chini, shule nayo huwa na fedha haba. Mstari uliochorwa kwenye ramani ulimfuata mtoto hadi darasani.

SHERIA ILIKUJA, MALI HAIKURUDI

Martin Luther King alilitambua hilo. Mwaka 1966 alihamia mtaa wa mabanda jijini Chicago kupigania haki ya makao, na Agosti mwaka huo akapigwa jiwe kichwani akiongoza maandamano. Aliuawa Aprili 4, 1968. Wiki moja baadaye, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi katika uuzaji na ukodishaji wa nyumba.

Lakini kufikia hapo, waliobahatika kununua mapema walikuwa na mali iliyokuwa ikipanda bei kila mwaka. Aliyezuiwa kwa miaka 34 aliambiwa sasa yuko huru kununua, kwa bei mpya, bila akiba ya babake.

Matokeo yanaonekana katika hesabu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022. Ukizipanga familia za Wazungu kutoka maskini hadi tajiri, ile ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya katikati miongoni mwa weusi ilikuwa na dola 44,900.

Wala ubaguzi haukukoma. Mwaka 2011, kampuni ya mikopo ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kufuatia madai ya serikali kwamba wateja zaidi ya 200,000 weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati walitozwa zaidi ya Wazungu wenye uwezo sawa na wao.

Wapo wanaouliza kwa nini kizazi cha leo kilaumiwe kwa makosa ya mababu. Swali hilo lina uzito. Lakini anayerithi nyumba ya babu huwa amerithi pia historia ya jinsi ilivyopatikana. Mji mdogo wa Evanston, Illinois, umelijibu kwa vitendo. Mwaka 2021 uliidhinisha msaada wa dola 25,000 wa makao kwa wakazi weusi walioathiriwa na ubaguzi wa nyumba kati ya 1919 na 1969, na kwa vizazi vyao.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mola kupenda. Nchini Marekani, dau hili lilitobolewa kwa sheria, ramani na sahihi za maafisa. Kulikataza tundu jipya lisitobolewe ni jambo jema. Kuyaziba ya zamani ni kazi nyingine, na wengi wa waliomo ndani wangali wanakumba maji.