Ngome ya Njoro na Swali la Babu

Ndugu msomaji, kama nawe una daftari la riwaya chini ya godoro, kisa hiki kinakuhusu.

Mwaka jana nilianza kuandika riwaya ya mapenzi juu ya Lord Egerton wa Njoro, karibu na Nakuru, Kenya. Hadithi yenyewe wengi wanaijua. Ati jamaa alimpenda binti wa Kizungu, akamjengea nyumba, binti akaitazama akasema ni banda la kuku. Jamaa akajenga ngome ya mawe yenye vyumba 52. Binti akakataa tena! Tangu hapo mwanamke akawa marufuku kukanyaga kwake.

Nikawasomea washikaji hapa Igogo, tumekaa juu ya mawe yetu mlimani. Wakacheka, wakapiga makofi. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa pembeni anashona nyavu. Akauliza tu, "Mjukuu wangu, na hilo shamba kabla ya Mzungu lilikuwa la nani?"

Nikakosa jibu. Basi nikaenda kusoma.

Nilianzia Uingereza, maana mzizi uko huko. Mwaka 1598 shamba la Tatton, jimbo la Cheshire, lilifika mikononi mwa mwanasheria Thomas Egerton, mtumishi mkubwa wa Malkia Elizabeth I. Ukoo ukalishika miaka 360. Kukasimama jumba kubwa la mawe, bustani, na pori la ekari 1,000 la kulungu. Hawakuwa watu wa kulima tu. Wilbraham Egerton, baba mkubwa wa huyu wetu, alikuwa mwenyekiti wa kampuni iliyochimba mfereji wa kupitisha meli hadi Manchester. Ulifunguliwa 1894, ili pamba na shehena nyingine zifike bila kushushwa Liverpool. Pamba! Neno ambalo mtoto wa Usukuma hulijua kabla hajajua kusoma.

Maurice Egerton alizaliwa 1874. Alipenda safari, magari na kuwinda, na alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kupata leseni ya urubani. Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akairithi Tatton. Lakini moyo wake ulikuwa Afrika. Vichwa vya wanyama aliowawinda vikapangwa ukutani kwenye ukumbi aliojenga Tatton mwaka 1935. Huku Njoro akaanza ngome mwaka 1938, vita ikaingilia kati, ikamalizika 1954. Hakuifaidi sana, kwani alifariki 1958, hana mke, hana mtoto. Jumba la Tatton likaenda kwa National Trust, chama kinachotunza majumba ya kale Uingereza, na cheo cha ukoo kikafa naye.

Sasa swali la babu. Njoro ilikuwa ndani ya malisho ya Wamasai. Mwaka 1904 serikali ya Mwingereza iliwatia kwenye mkataba wa kuhama Bonde la Ufa. Baadhi wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba makazi mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 wakasainishwa mkataba mwingine, wahamie kusini. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa. Majaji walisema mkataba ule ni jambo la dola na dola, mahakama haina mamlaka nalo.

Walowezi wao walipewa ardhi kwa hati za miaka 99, na kuanzia sheria ya 1915 miaka 999. Mwafrika aliyekaa kwenye mashamba hayo kama skwota alitakiwa, kwa sheria ya 1918, kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Njoro mgeni alikuja, mwenyeji akahama.

Nisimwonee marehemu. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 ianzishwe shule ya kilimo. Ila ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Waafrika waliingia baadaye, shule ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Ngome nayo ni mali ya chuo hicho, watu wanalipa kiingilio kwenda kuishangaa.

Nikarudi kwa babu nikamsimulia yote. Hakuinua kichwa kwenye nyavu zake. Akasema, "Basi anzia hapo."

Wenzangu mnaotaka kuandika, hebu tafakarini. Binti wa kwenye hadithi hana hata jina la uhakika, lakini sifa zake zimefika mpaka Igogo. Waliohamishwa wana mkataba, wana kesi, wana tarehe, na mimi nilikuwa nimewaacha nje ya riwaya.

Daftari la kwanza nimeliweka kando. La pili linaanza mwaka 1904, ng'ombe wakiwa njiani kwenda Laikipia. Ngome itakuja baadaye, sura ya tisa au ya kumi huko.